Kueleza maradhi si kukufuru neema

SHUKRANI zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo linalowakuta jamaa zetu walioko Uingereza, nalo ni mtihani wa mtu mwenye maradhi ya akili anapoitwa kutathminiwa ili ijulikane kama anastahiki malipo ya ulemavu au hastahiki.

Huenda wapo watakaouliza: la Uingereza linatuhusu nini sisi? Linatuhusu sana. Familia nyingi za mwambao zina mtu wao huko. Wako waliokwenda kusoma wakabakia. Wako Wabarawa, wasemao Chimwini, waliokimbia vita vya Somalia kuanzia mwaka 1991. Wako Wapemba na Waunguja walioondoka baada ya umwagaji damu wa Januari 2001, na wako ndugu zetu wa Kongo waliokimbia vita vya kwao. Mwenye kukimbia risasi huweza kuacha nyumba na mali, lakini aliyoyaona kwa macho yake humfuata hadi ugenini. Na anapougua akili, simu humpigia mama au kaka aliyeko nyumbani, na nasaha anayopewa ndiyo aendayo nayo mbele ya mtathmini.

Nasaha hiyo mara nyingi ni moja: subiri, mshukuru Mungu, wala usiwatangazie watu siri yako. Ni nasaha njema mahali pake. Lakini hapa tunapopazungumzia, nasaha hiyo hiyo yaweza kumkosesha mgonjwa haki yake.

Malipo yenyewe ni yepi?

Sheria ya mwaka 2012 ya kurekebisha huduma za ustawi ilianzisha malipo ya ulemavu yanayojulikana kwa herufi tatu, PIP, na utekelezaji wake ukaanza Aprili 2013. Huweza kuombwa na mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 16 ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali. Yanatumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland imekuwa na malipo yake yanayofanana na hayo tangu mwaka 2022. Hayaangalii kipato cha mtu wala akiba yake benki, na mwenye kazi hanyimwi kwa sababu tu ana kazi.

La kuzingatia ni kwamba malipo haya hayatolewi kwa jina la ugonjwa. Daktari aweza kuandika kuwa mtu ana sonona, au skizofrenia, au kiwewe cha vita, na bado mtu huyo akakosa. Kinachopimwa ni namna maradhi yanavyomzuia katika mambo 12 ya maisha. Kumi ni ya shughuli za kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa, kutumia dawa, kuchanganyika na watu na kupanga matumizi ya fedha. Mawili ni ya mwendo, yaani kupanga na kufuata safari, na kutembea. Kila jambo lina alama zake. Mwenye alama 8 hadi 11 katika sehemu moja hupewa kiwango cha kawaida, na mwenye 12 au zaidi hupewa kiwango cha juu. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, sehemu ya shughuli za kila siku peke yake ilikuwa paundi 73.90 kwa juma kwa kiwango cha kawaida, na paundi 110.40 kwa kiwango cha juu. Kwa mgonjwa asiyeweza kudumu katika kazi, fedha hizo ndizo tofauti baina ya kulipa kodi ya chumba na kufukuzwa.

Mwombaji hujaza fomu ndefu na kuirejesha ndani ya mwezi mmoja. Kisha, mara nyingi, huitwa kwa mazungumzo na mtathmini, ama kwa simu, ama ana kwa ana. Mtathmini ni mtu wa fani ya afya, kama vile muuguzi au mtaalamu wa viungo, na si lazima awe bingwa wa maradhi ya akili. Huuliza, hutazama, huandika ripoti. Mwenye kutoa uamuzi ni ofisa wa serikali ambaye kwa kawaida hajapata kumtia machoni mwombaji. Kwa hiyo lile lisilosemwa katika fomu wala katika mazungumzo, kwa ofisa huyo huwa ni kama halipo.

Sijambo isiyokuwa sijambo

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na utaratibu wao. Sisi tumelelewa kwamba mtu akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", hata kama amelala na homa. Akiulizwa habari, husema nzuri, kisha ndipo aeleze msiba uliomfikia. Akizidi kuulizwa husema "alhamdulillahi". Kwetu hiyo ni adabu, na msikilizaji wa Kiswahili hufahamu kuwa nyuma ya salamu yamo mambo. Mtathmini hafahamu hivyo. Akiuliza "unaendeleaje leo?" na akajibiwa kwa utulivu kuwa ni vizuri, tunamshukuru Mungu, huenda akaandika kuwa mwombaji alisema yu mzima.

Yako mengine. Kijana wetu huoga, huvaa kanzu safi na kujitia manukato kwa sababu anakwenda kuonana na mtu mgeni. Huenda ikaandikwa kuwa anajimudu katika usafi na mavazi. Hakuna atakayejua kwamba alikaa siku tisa bila kugusa maji, na kwamba asubuhi ile dada yake alimsimamia mlangoni kwa saa nzima. Bibi mtu mzima huulizwa kama anaweza kupika, naye kwa haya hujibu kuwa anaweza, kwani mwanamke gani wa pwani atakiri kuwa hajui tena kutia wali jikoni? Hasemi kwamba mara mbili ameacha moto ukiwaka akarudi kitandani, na kwamba mwanawe sasa amemficha viberiti.

Kisha iko lugha yenyewe. Mswahili akisema "nina mawazo", mwenziwe hufahamu kuwa ana dhiki iliyomwondolea usingizi na hamu ya chakula. Neno hilo likifasiriwa neno kwa neno, Mwingereza husikia kwamba mtu huyu anafikiri, na nani asiyefikiri? Vivyo hivyo "roho juu", "moyo mzito" na "kichwa kimejaa". Kwa hiyo mgonjwa asitosheke na maneno hayo. Aseme yanamfanya nini: silali zaidi ya saa mbili, nimeacha kula mpaka nguo zinanipwaya, nikisikia mlango unagongwa najificha chooni. Mkalimani aweza kuombwa mapema, na ni haki ya mwombaji. Lakini mkalimani hufasiri yaliyosemwa, yaliyofichwa hayafasiriki.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Hawakuwa wakiwafundisha watu utovu wa haya. Walijua kwamba iko saa ambayo stara hugeuka kuwa maangamizi.

Je, si kumlalamikia Mola?

Wapo wacha Mungu ambao dhamiri zao huwasuta. Husema: nitamwelezaje mtu baki, tena asiye wa dini yangu, unyonge alioniandikia Mola wangu? Swali hili ni la haki, nalo lina jawabu.

Nabii Ayub (A.S.), ambaye ndiye kigezo chetu cha subira, alitamka mbele ya Mola wake kwamba dhara limemgusa, na hakuvuliwa cheo cha wenye kusubiri. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe. Mwenye kusema kwamba hao walimshitakia Allah, si viumbe, na atazame katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Ndani ya kitabu cha wagonjwa umo mlango mahususi juu ya kujuzu kwa mgonjwa kusema kuwa anaumwa, na humo imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitaja maumivu ya kichwa chake. Wanazuoni wametofautisha baina ya kunung'unikia kadari na kueleza hali. Mwenye kumweleza tabibu palipo na maumivu hajamkosea Mola wake. Na mwenye kuulizwa swali na mtu ambaye maamuzi yatajengwa juu ya jibu lake, huyo yumo katika mlango wa ushahidi, na ushahidi haufichwi.

Wengine husema kwamba maradhi ya akili si maradhi hasa, bali ni udhaifu wa imani au kazi ya mashetani. Huku kwetu kutaja tu Mirembe au Kidongo Chekundu kwatosha kuwafanya watu wainamishe vichwa. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi pamoja, akabainisha kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba yote mawili yana tiba. Elimu hiyo tulikuwa nayo zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Na wako wanaoona haya kupokea, wakidhani ni kuombaomba. Wanahistoria wa Kiislamu wameeleza kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, aliwawekea wenye ukoma posho ili wasiwaombe watu, na akawapa vipofu viongozi wa kuwashika mkono. Dola kumtazama raia wake mgonjwa si jambo geni kwetu. Anayeishi Uingereza kwa sheria hulipa kodi afanyapo kazi na hulipa kodi anunuapo bidhaa dukani. Akianguka, kuinuliwa ni katika mapatano ya nchi ile na watu wake.

Namna ya kujieleza

Sheria yenyewe ina kanuni ambazo wengi hawazijui, na kutozijua ndiko kunakowaangusha. Swali si kama mtu aweza kufanya jambo mara moja. Ni kama aweza kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda wa kiasi. Anayepika akaunguza hapiki kwa usalama. Anayeoga kwa kutumia nusu siku kwa sababu ya wasiwasi haogi kwa muda wa kiasi. Mwombaji asijibu "ndiyo, naweza" kabla ya kujipima kwa mizani hiyo.

Kanuni ya pili ni ya siku. Kwa kawaida hali huhesabiwa ikiwa humtokea mtu zaidi ya nusu ya siku katika kipindi cha miezi 12 kinachoangaliwa. Maradhi ya akili hupanda na kushuka kama bahari. Leo maji kupwa, kesho maji kujaa. Mtathmini akikukuta siku ya kupwa, usimwachie adhani kuwa ndiyo hali yako ya siku zote. Weka daftari, kila jioni uandike mistari miwili: umelala saa ngapi, umekula, umetoka nje, nani amekusaidia. Majuma manne ya daftari yatasema mengi kuliko kumbukumbu ya mtu aliyetaharuki.

Kanuni ya tatu ni ya kuhimizwa. Si lazima mtu awe amebebwa ndipo ihesabike kuwa amesaidiwa. Ikiwa hali mpaka mkewe amwambie na kumsimamia, au hamezi dawa mpaka akumbushwe, au haogi mpaka ashurutishwe, hayo yana alama katika sheria. Sisi tumezoea kuishi nyumba moja ndugu kwa ndugu, na msaada wa ndugu hatuuhesabu kuwa msaada. Ni pumzi tu ya maisha. Mbele ya mtathmini na uhesabiwe. Ajiulize mgonjwa: jamaa zangu wakisafiri mwezi mzima, mimi nitakuwaje?

Aidha, asiende peke yake. Anaruhusiwa kuwa na ndugu au rafiki, na mwenzake huyo huweza kutaja yale ambayo mgonjwa ameyasahau au ameyaonea haya. Apate barua ya daktari, muuguzi wa akili au mshauri wake, inayoeleza anavyoishi na si jina la maradhi tu. Abakishe nakala ya fomu. Ofisi za Citizens Advice husaidia bila malipo. Mgonjwa aliyezidiwa kiasi cha kutoweza kusimamia mambo yake huweza kuwekewa mtu wa kumwakilisha kisheria.

Baada ya kuyasema haya, hatuna budi kuonya upande wa pili. Kueleza kwa ukamilifu si kuongeza chumvi. Mwenye kudai maradhi asiyokuwa nayo amekula haramu, amevunja sheria ya nchi, na amewatilia shaka wagonjwa wa kweli watakaokuja nyuma yake. Ikiwa hali yako imekuwa njema, toa taarifa. Na yule ambaye viza yake imeandikwa kuwa haruhusiwi kutegemea fedha za umma asiombe kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, kwani PIP ni katika fedha hizo. Mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa hazuiwi na sharti hilo.

Ukikataliwa

Wengi hupokea barua ya kukataliwa wakaiweka chini ya godoro. Huona kuwa wameitwa waongo, na mwenye sonona huwa tayari ameshajihukumu mwenyewe kabla ya barua kufika. Barua hiyo si hukumu ya mwisho. Katika mwezi mmoja tangu tarehe yake, mwombaji aweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ukibakia vile vile, anao mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru lisilotoza ada. Humo hukaa jaji, daktari, na mjumbe mwenye ujuzi wa ulemavu. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zilizosikilizwa zimeamuliwa kwa faida ya mwombaji. Kwa hiyo mwenye haki asikate tamaa katika hatua ya kwanza.

Mahakama nazo zimekwisha kusema. Mwaka 2013 baraza la juu la rufaa liliamua, na mahakama ya rufaa ikalithibitisha hilo, kwamba tathmini ya uwezo wa kufanya kazi, ambayo ni tathmini nyingine mbali na PIP, ilikuwa ikiwaweka wagonjwa wa akili katika hali ngumu kuliko wengine. Machi 2017 serikali ilibadili kanuni za PIP ili mtu ambaye kinachomzuia kusafiri ni hofu na dhiki ya nafsi apate alama chache zaidi. Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikatamka kuwa huo ni ubaguzi. Januari 2018 serikali ikatangaza kuwa haitakata rufaa, na yakaanza mapitio ya madai yapatayo milioni 1.6. Mwaka 2025 tena lililetwa pendekezo la kukaza masharti kwa kumtaka mwombaji awe na alama 4 katika jambo moja, pendekezo ambalo lingewaumiza wale wanaokusanya alama mbili hapa na mbili pale, na wagonjwa wa akili ni wengi miongoni mwao. Julai mwaka huo likaondolewa katika mswada, ikaahidiwa kuwa tathmini yote itapitiwa upya. Kwa hiyo kila anayeomba aulize kwanza kanuni za wakati wake.

Wajibu wa jamaa

Tusidhani kuwa jambo hili ni la makaratasi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Liverpool na Oxford walichapisha uchunguzi kuhusu England. Waligundua kuwa kule ambako watu wengi zaidi walitathminiwa upya uwezo wao wa kufanya kazi kati ya mwaka 2010 na 2013, kulikuwa pia na ongezeko kubwa zaidi la watu kujiua, la matatizo ya akili na la dawa za sonona. Watafiti hao hawakudai kuwa wamethibitisha kwamba hili ndilo lililosababisha lile. Lakini kila mwenye jamaa mgonjwa huko anaijua ile bahasha ya kahawia ya serikali, na anajua jinsi mkono unavyotetemeka kabla ya kuifungua.

Kwa hiyo, ewe mama, ewe baba, ewe kaka uliyeko huku nyumbani, mwanao akikupigia simu na kusema kuwa ameitwa, usimwambie anyamaze. Mwambie: sema kweli yote, mwanangu, hakuna aibu. Muulize nani atakwenda naye. Mpigie usiku wa kuamkia siku hiyo na jioni yake, kwani atakuwa amefunua vidonda mbele ya mgeni na atarudi navyo vibichi. Usimtake fedha za matumizi katika majuma hayo. Wengi wao wanaumia zaidi kwa kuona kuwa wameshindwa kuwatumia wazee wao. Nanyi mlio jirani naye huko, msaidieni kusoma barua, na mkae naye anapoijaza fomu. Ukimsikia anasema kuwa ni bora asiwepo, usilichukulie kuwa neno la hasira. Usimwache peke yake, na msaada utafutwe saa ile ile. Akiwa katika hatari, piga 999. Na Samaritans wanapatikana usiku na mchana kwa namba 116 123, bila malipo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtathmini hakukilalia kitanda cha mgonjwa wetu, na hana njia ya kuwajua kunguni wake ila aambiwe. Tuwaache wagonjwa wetu waseme, na tusimame nao wanaposema. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walioko karibu na walioko mbali, azifunue dhiki zao, na atujaalie sisi kuwa sitara yao na si kizuizi cha haki yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.